Vyuma vya Kuanzia vya Mama Gradi

Watu wa Jules Street wakimtaja Arlène husema ni mkorofi. Mimi nasema afadhali mkorofi mmoja kuliko wapole kumi, maana wapole ndio waliotuzoesha wanawake kungoja tuambiwe tusimame wapi. Naitwa Tumu, mzaliwa wa Tanga, muuza chapati na maandazi hapa Malvern, Johannesburg, na mwili wangu huu haujawahi kukimbia hata kumfukuza mwizi. Lakini Arlène ni mpangaji mwenzangu, tunachota bomba moja na kuanika kamba moja, kwa hiyo mambo yake nayajua. Nisipoyasimulia mimi watayasimulia wanaume, na watayaharibu.

Alikuja kutoka Uvira, Kongo, akiwa msichana, akasuka nywele, akauza vitenge, mwisho akapata kazi ya ulinzi Randburg, kwenye geti la nyumba za ghorofa. Kutwa nzima anasimama akiinua na kushusha lile boriti la kuzuia magari. Mtu wa kazi hiyo, siku ya mapumziko angetaka kukaa tu aweke miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Yeye anataka kukimbia. Ana bintiye, Gradi, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kizulu, na wenzake kanisani walikuwa wakimwuliza mama mzima anakimbilia nini. Aliwajibu kwa kuwauliza wao kanisani wanaimbia nini, kwani Mungu ni kiziwi? Basi wakamwacha.

Ni mfupi, mapaja yamejaa, na hakimbii mbio ndefu. Mbio zake ni zile za kufyatuka na kumaliza kabla mtu hajapepesa macho. Kila Jumamosi hufanya mazoezi na timu ya Wakongo kwenye uwanja wa mpira ulio nyuma ya karakana za Jeppestown, na kocha wao ni Papa François, fundi cherehani mwenye duka Jules Street, mtu wa Lubumbashi, shati halina kikunjo na utepe wa kupimia shingoni hata akiwa uwanjani. Zamani huko kwao alifundisha wanariadha, wanaume watupu. Hilo la wanaume watupu naomba ulikumbuke.

Sasa nieleze mbio zenyewe, kwa sababu ugomvi wote ulitoka hapo. Kila mwaka, sikukuu ya Septemba, sisi wageni tunaoongea Kiswahili hapa Johannesburg tunakuwa na michezo yetu. Mchezo mkubwa ni mbio za kupokezana kijiti: wanaume wawili na wanawake wawili kila timu, kuuzunguka uwanja wa mpira. Wa kwanza anakimbia upande mfupi, nyuma ya goli. Wa pili upande mrefu. Wa tatu upande mfupi wa goli la pili, na wa nne anamalizia upande mrefu uliobaki. Hata mimi muuza chapati naelewa.

Na kuna desturi. Mkimbiaji wa kwanza ni wa heshima. Anaitwa kwa jina mbele ya watu wote, mchungaji au shehe wa kwao anamwombea dua, na ni yeye peke yake anayeanza kwa vile vyuma vya kuanzia, yaani boriti la chuma lililopigiliwa ardhini lenye vikanyagio viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, mtu anaviegemeza miguu na kuvisukuma anapoondoka. Kila timu huja na vyuma vyake. Na tangu michezo hiyo ianze, mkimbiaji wa kwanza ni mwanamume. Kwa Wakongo alikuwa Thierry, kijana mrefu, mwenye mbio kweli, simnyimi haki yake. Mwanamke anawekwa wa pili, kwenye upande mrefu, katikati ya watu wasiotazama.

Arlène alikuwa wa pili miaka mitatu. Na miaka yote mitatu ilikuwa hivyohivyo: anaondoka na kijiti vizuri, nusu ya kwanza yumo, nusu ya pili wanamwacha wanawake wenye miguu mirefu. Halafu watu wanasema Mama Gradi ametuangusha.

Mwaka jana, miezi miwili kabla ya michezo, alimwambia François kwamba anataka kuanza yeye. François akacheka, si kwa ubaya, akasema ajaribu. Wakamweka kwenye vyuma vya Thierry. Vyuma hivyo François alivichongesha kwa fundi wa kuchomelea hapohapo Jeppestown, na nafasi kati ya kikanyagio na kikanyagio aliipima kwa kiatu chake mwenyewe, namba kumi, kisha ikachomelewa isicheze tena. Kwa Thierry ilikaa sawa kwa sababu mguu wake ni uleule. Arlène alipoingia humo alitanuka kama nguo iliyoanikwa. Mguu wa nyuma uko huko nyuma, hauna cha kusukuma.

Akaondoka vibaya, ndiyo. François akamwambia kosa lake ni kuinuka mapema. Wanaume wanabaki wameinama muda mrefu, kichwa chini, wanasukuma ardhi kurudi nyuma. Naye abaki chini hivyohivyo mpaka apite goli lote. Arlène kwa mara moja katika maisha yake akatii. Alibaki chini, akalazimisha, miguu ikashindwa kuwahi kifua, akaanguka kifudifudi. Viganja vyote vikachubuka, na kidevu. Thierry akamwuliza kama amepata hereni aliyokuwa akiitafuta, na uwanja mzima ukacheka.

Aliporudi nyumbani nilimpaka dawa. Nilidhani atalia, nikawa nimeandaa na maneno ya kumbembeleza. Kumbe mtu amekasirika. Alisema kesho yake, baada ya kanisa, niende naye uwanjani nikashike simu nipige picha za video, na nibebe chapati za kumhonga Thierry aje kukimbia naye. Nilienda. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Siku hiyo hakuweka vyuma kabisa. Alichimba vishimo viwili ardhini kwa kisigino, akavipima kwa miguu yake mwenyewe, kimoja karibu na mstari, cha pili karibu na cha kwanza. Wakaondoka pamoja na Thierry, mimi nikiwa nimesimama pembeni na simu. Walirudia mara kadhaa, Thierry akitafuna kati ya mbio na mbio. Halafu tukakaa kwenye nyasi tukaitazama ile video pole pole.

Mimi si mtaalamu wa kitu ila unga. Lakini nilichokiona hata mtoto angekiona. Kwenye kuondoka, Thierry alikuwa na nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Alitoka chini, karibu alale, na akabaki ameinama kitambo kirefu. Arlène mguu wake ulikaa ardhini kidogo zaidi kila alipokanyaga, na mwili wake uliinuka mapema. Lakini aliinuka mapema kwa sababu alikuwa amefika! Mbio zake za juu kabisa alizifikia upesi, basi abaki ameinama akitafuta nini? Thierry alikuwa bado anaongeza. Kwenye nguzo ya kwanza ya goli walikuwa karibu bega kwa bega. Kwenye nguzo ya pili kijana ametangulia kwa kifua. Kwenye kona, hatua moja na kitu. Na walipoendelea mpaka katikati ya upande mrefu, Arlène hakuonekana kwenye picha, ilibidi niirudishe simu nyuma kumtafuta.

Thierry akafurahi, akasema si mnaona nimemwacha. Arlène aliirudia ile video mpaka simu yangu ikaisha chaji. Kisha akaniambia kwamba miaka mitatu wanamweka pale ambapo mwanamume anamzidi mno, na mwanamume wao wanamweka pale ambapo hamzidi kitu cha maana. Wamepanga kinyume. Wanaume kwenye pande ndefu, wanawake kwenye pande fupi, basi timu nyingine zote zitaisoma namba.

Jumatatu alipotoka kazini alipitia dukani kwa François, bado amevaa sare ya ulinzi. Mimi nilikuwa pale kupokea blauzi yangu. François alikuwa anambandikia pini mama mmoja kwenye mkono wa gauni, midomo imejaa pini. Arlène akamweleza yote, na video akamwonyesha. François akatoa pini mdomoni moja moja, akasema yeye ni kocha tangu Arlène hajavunja ungo, na kwamba timu ikiona mwanamke amefika nyuma kwenye kona ya kwanza itakata tamaa. Basi Arlène akamwuliza:

"Papa François, weye unakatiaka mama nguo na vipimo vya bwana yake?"

Yule mama wa gauni akageuka kumtazama fundi. Na mimi nikamtazama.

"Hapana," akasema François. "Lakini mbio haiko nguo, Mama Gradi. Tangu zamani mwanzo iko ya mwanaume. Mwanamuke hana ile nguvu ya kutoka."

"Nguvu ya kutoka niko nayo. Yenye sina ni ya kufika mbali. Kule mbali njo Thierry ananiachaka. Hapa karibu, hapana."

François akarudisha pini mdomoni. Kwetu Tanga tunasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na nilitaka kumwambia hivyo fundi mzima wa nguo, lakini blauzi yangu ilikuwa bado mikononi mwake. Tukatoka, Arlène akatembea mbele mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani, na taa ilipowaka ya kijani hakuvuka. Alikuwa anafikiri.

Alichokifanya wengine wanakiita wizi. Vyuma vya timu vilikuwa vinahifadhiwa kwa Clémentine, mwanamke mwenzake katika timu, chini ya kitanda. Arlène akavichukua, akavitia kwenye gunia langu la unga, akavipeleka kwa fundi wa kuchomelea yuleyule aliyevitengeneza. Akavua kiatu. Akamwambia kata hiki kikanyagio cha nyuma, kilete mbele, kipimo ni mguu huu hapa. Fundi akauliza kama kocha anajua. Akamwambia kocha atajua Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Nilienda kwa makusudi, biashara nikaiacha kwa jirani, maana kitu kama hicho huwezi kukisikia kwa kusimuliwa. Arlène aliutoa ule mzigo guniani, umejaa unga, akaupigilia ardhini mbele ya watu wote. Thierry akaweka miguu, magoti yakamfika karibu na masikio. Akatoka akatukana kwa Kifaransa. François alivua utepe shingoni, akainama, akapima ile nafasi mpya, akapima tena. Alisema mali ya timu imeharibiwa.

"Sikuharibu," Arlène akasema. "Nilipunguza kiuno tu."

"Na Thierry ataanzia wapi?"

"Thierry haanzi. Thierry atakimbia kule kurefu, kwenye atakula watu. Clémentine atakamata kule kufupi kungine. Ukirudisha ile chuma kama zamani, mi sikimbii, na Clémentine hakimbii. Utatafuta bamama wengine."

Clémentine, mwanamke mnyenyekevu ambaye sijawahi kumsikia akibisha hata bei ya nyanya, akatikisa kichwa kukubali. François akaurudisha utepe shingoni. Nilimwonea huruma kidogo, nakiri, kisha huruma ikanitoka alipofungua mdomo. Alisema vizuri, Mama Gradi aanze. Lakini akiwa wa mwisho kwenye kona ya kwanza, hataivaa tena jezi ya timu, na hakuna mwanamke mwingine atakayeanza akiwa yeye yupo hai. Arlène akasema sharp, yaani sawa. Akasema na asipokuwa wa mwisho, mwakani asisikie mtu akisema mwanzo ni wa nani.

Basi siku ya michezo moyo wangu ulikuwa umegawanyika. Timu ya kwetu Watanzania ilikuwa na Mwadini wa kuanza, kijana wa Zanzibar mwenye mbio za paka aliyemwagiwa maji, na wa pili Samira, binti wa Dar mwenye duka la simu. Hao ni watu wangu. Nilivaa kanga ya timu yetu kabisa. Lakini mtu unayemjua kidevu chake kilivyochubuka huwezi kumwombea mabaya.

Mtangazaji alipoita wakimbiaji wa kwanza, akataja Mwadini, akamtaja Mkenya, akamtaja Mrundi, kisha akaangalia karatasi, akasema Arlène kama mtu anayeuliza. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Watu wakasema Wakongo wameishiwa wanaume. Na waliocheka kuliko wote ni watu wangu, wenye kanga kama yangu, nikatamani kuivua. Mchungaji wa Kikongo naye akachanganyikiwa, akaanza kumwombea kijana wetu huyu, akajirekebisha katikati, akamwombea mama yetu huyu. Arlène alikuwa amefumba macho. Alipofumbua hakutazama watu, alitazama nguzo ya goli.

Wakaingia kwenye vyuma. Wale wanaume watatu walitanuka kila mmoja na vipimo vyake. Yeye alijikunja mahali pake, pamemkaa kama kiatu kilichozoea mguu. François alikuwa amesimama karibu nami. Nilimjua: akishindwa kujizuia atapiga kelele baki chini, baki chini, kama alivyopiga miaka yote. Aliichukua ncha ya utepe wake wa kupimia akaiuma kwa meno.

Mbao mbili zikagonganishwa, wakafyatuka.

Sitadanganya kwamba aliwatangulia. Hakutangulia hata hatua moja. Lakini hakuachwa! Mwadini alitoka amelala, wenzake nao, na kati yao yule mfupi mwenye mapaja, mguu chini mguu chini, na kabla ya nguzo ya kwanza ameshainuka wima, wanaume bado wameinama, na yuko nao. Kicheko kilikatika. Nilisikia kimekatika, kama mtu amezima redio. Kwenye nguzo ya pili Mwadini akajitenga, Mkenya akafuata. Mrundi alikuwa na Arlène sambamba, na kona imekaribia, na mimi nikagundua napiga kelele za jina lake huku nimevaa kanga ya watu wengine. Shemeji yangu Abdulrahman alinivuta mkono. Nikamsukuma.

Alifika kwenye kona wa tatu. Si wa kwanza, si wa pili. Wa tatu, Mrundi yuko nyuma yake kwa kichwa na shingo, na Mwadini yuko mbele kwa hatua moja na ushee. Akampa Thierry kijiti.

Na huko kwenye upande mrefu kulikuwa na nani? Wanawake watatu wamepangwa, kama kawaida, na Thierry. Nikwambie nini. Yule kijana aliyenyang'anywa kuanza alikimbia kama anayekwenda kulipiza kisasi. Alimpita mwanamke wa Kenya kabla ya mstari wa katikati ya uwanja, akampita Samira wetu muda mfupi baadaye, na alipompa Clémentine kijiti alikuwa na nafasi ya kuegesha bakkie, lile gari la mizigo. Clémentine hakuongeza wala hakupoteza, na Elisée, mwanamume wao wa mwisho, alimaliza karibu anatembea. Wakongo hawajawahi kushinda namna ile. Watu wangu walikuwa wa pili, wakaanza palepale kugombana wao kwa wao.

Mwadini ndiye aliyekuja kwanza. Alikuja anapumua, mikono kiunoni, akasema mbele ya watu kwamba ajue tu yeye alimshinda kwenye kona.

"Ulinishinda hatua moja," Arlène akamwambia. "Thierry alishinda dada yako Samira hatua ngapi? Nani alimuweka pale?"

Mwadini akageuka, akaondoka. François yeye alikuwa amepiga magoti kwenye vyuma, anang'oa misumari. Hakumpongeza mtu. Alivipangusa vile vyuma kwa kitambaa chake kizuri cha mfukoni, akavitia ndani ya gunia langu la unga, akaja akampa Arlène mkononi, si Clémentine. Akamwambia akaviweke kwake. Utepe ulikuwa na alama za meno.

Tulikuwa tunaondoka tulipomwona Samira anakuja peke yake. Macho mekundu; kuna watu walikwisha kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeiangusha timu. Nilitaka kumwambia pole, maana ni binti wa kwetu, lakini hakuja kwangu. Alisimama mbele ya Arlène, akalitazama lile gunia, akamwuliza fundi wa kuchomelea yuko mtaa gani.

Arlène akamweleza njia, kona kwa kona. Kisha akamshika mkono kabla hajaondoka.

"Vyuma vya Mwadini uende navyo," akamwambia. "Lakini kiatu upeleke cha kwako."